Nilitoa Kidole, Nikabakisha Muguu

Mi sikusoma. Darasa niliionaka ku dirisha, nikiwa napita na ng'ombe. Donc haya yote mi nasema, mutoto yangu Espe njo anaandika mu telefone yake. Ananisumbua sana: "Mama, hapo umetia chumvi." Nimemuambia, andika vile nasema. Mwenye alilala na muguu ya kuoza ni mi, siyo wewe. Chumvi yote utaona humu ni yangu, lakini kidonda ilikuwa ya kweli, dawa zenye zilishindwa zilikuwa za kweli, na kisu yenye balitaka kunikatia nayo ilikuwa ya kweli. Niko nasema juu ya wewe mwenye uko saa hii mu chumba ya kungojea, muguu juu ya kiti ya pili, batu banakuangalia sawa vile umeiba hiyo kiti.

Ilianza na harusi ku Columbus, wakati ya joto. Mi nakaa Louisville, nafunga makarato ku depo. Lakini bandugu ba bwana yangu, Mungu amurehemu, bote bako ku Columbus, pale Whitehall, mu apartema zenye zinafanana mpaka siku moja niliingia mu nyumba ya Banepali, nikakaa, nikapewa chai, nikamaliza chai, njo nikajua siko kwetu. Mukubwa wa ile familia ni Papa Gideo, kaka mukubwa wa bwana yangu. Bote tunamuita Dokta. Udokta yake aliisomea nyuma ya mukia ya ng'ombe kule Haut Plateau, milima ya kwetu Kongo, na mateke yenye alikula njo diplome yake.

Bon. Mutu wa kwetu akifika mugeni ku Columbus, habamupeleke kuona maghorofa. Banamupeleka kuona ng'ombe. Familia iko na ng'ombe moja, inakaa ku shamba ya muzungu moja muzee, inje ya muji. Jina yake Bihogo, njo vile tunaitaka ng'ombe mwekundu wa kuiva. Ana kiburi sawa bibi harusi. Papa Gideo anamupenda kuliko mukwe yake, na kumupenda kwake ni sindano. Bihogo akikohoa, sindano. Matiti ikivimba, sindano. Akimuangalia Papa Gideo vibaya, sindano. Ile ng'ombe ilikuwa na matundu mingi, ukiinywesha maji inamwagilia shamba yote.

Asubuhi ya harusi nikaenda kumusalimia, nimevaa sandale zangu za dhahabu. Bihogo akanikanyaga. Mu tope, mu mavi, muguu ya kuume, kidole ya mwisho. Ng'ombe ya kilo elfu tano! Espe anasema hakuna ng'ombe ya namna ile ku dunia. Yeye hakukanyagwa. Mi njo nilikuwa wa kwanza kucheka. Nikasema, vita ilishindwa kuniua, njaa ilishindwa, nyoka wa kambi alishindwa, sasa ni ng'ombe wa Ohio? Nikafunga kitambaa, nikaenda kucheza mpaka bandugu ba bwana harusi bakauliza kama ni mi naolewa.

Sasa nikuelezee kitu moja yenye utaona paka kwetu tu. Unajua likelemba: batu banachanga, kila mutu anapokea ku zamu yake. Siye tuko na likelemba ya bidonge. Munganga akikupa dawa ya kuua mikrobe, unakula mpaka usikie nafuu, kiisha zenye zinabaki unatia mu sashe, kamufuko ka plastiki. Sashe ni ya familia. Louisville kuko sashe, Columbus kuko sashe, Buffalo kuko sashe, na kila mutu anasafiri anabeba. Mutu mwenye anamaliza dawa yote peke yake, tunamusema: angalia ule muchoyo, amekula mpaka ya mwisho sawa hana bandugu!

Donc kidonda ilipoanza kutoa maji, bandugu bakanitumia upendo yabo yote. Nyekundu na nyeusi toka Columbus. Nyeupe ndefu toka Buffalo. Moja ya kijani, mpaka leo nafikiri ilikuwa ya mbwa ya mutu. Nilikula mbili za hii, tatu za ile. Zingine nilifungua, nikamwaga unga yake juu ya kidonda, vile tunafanyaka. Kidonda ikasema asanti, ikaomba ingine.

Majani ya Louisville yakaanza kuanguka, na muguu yangu ikaanza kuvimba. Kwanza kiatu ya kazi ikakatala. Kiisha soksi ikakatala. Ikafika wakati muguu ilihitaji mukaba yake yenyewe mu gari. Harufu, usiulize. Nzi balikuwa banafika ku mulango, banasalimia, banarudi. Siku moja homa ikaniangusha kati ya makarato, na bakaniitia ambulansi.

Chumba ya kungojea ya ile hopitali, bandugu! Niliingia pamoja na kijana moja mwenye uso laini. Wakati baliniita, alikuwa anachana ndevu.

Kiisha balinitia mu chumba ya peke yangu, bakabandika karatasi ku mulango, na kila mutu mwenye anaingia anavaa kanzu ya manjano na gants ku mikono. Mwenye analeta chakula, kanzu. Mwenye anafagia, kanzu. Nikawaza: banataka kunibatiza ao kunizika? Hakuna mutu alinigusa na ngozi yake. Hii iliniuma kuliko kidonda. Mi natoka fasi yenye mugonjwa analala kati ya batu, moja anamushika kichwa, moja anamushika miguu, moja anamusengenya bibi ya jirani ili acheke. Pale nilikuwa na televizyo, na yenyewe ilikuwa inazungumuza paka juu ya mvua.

Munganga alikuwa mwanamuke murefu, mwenye anaweza kuzungumuza na Mungu bila kupaza sauti. Mutafsiri alikuwa mu telefone, Mutanzania, Kiswahili yake imepigwa pasi.

"Bibi," akasema, "daktari anasema vijidudu vilivyo kwenye mguu wako ni sugu. Wamejaribu dawa nyingi, havifi."

"Muambie na mi niko sugu. Tutaona nani atahama."

"Nimtafsirie hivyo hivyo, bibi?"

"Hivyo hivyo, mwanangu. Usipunguze."

Munganga akacheka, kiisha akavuta kiti, akakaa. Hapa Amerika munganga akikaa, ujue habari siyo muzuri. Akaniuliza nilikula dawa gani, na kama nagusaka wanyama. Nikamuelezea sashe. Nikamuelezea Bihogo na sindano zake. Akaniambia ile mikrobe haikae fasi moja: iko mu tumbo ya mutu, iko mu ng'ombe, iko mu tope, iko mu maji. Moja ikijifunza kushinda dawa, inaweza kumupatia mwenzake ile akili, ata kama siyo wa kabila yake. Na dawa ya kidogo kidogo, leo mbili za hii, kesho tatu za ile, haiue yote. Inafundisha zenye zinabaki. Yangu ilitoka ku ng'ombe, ao ku sashe, ao ilikuwa mu mwili yangu toka zamani, hakuna mwenye anaweza kujua.

"Muambie nimefahamu," nikasema. "Familia yetu yote ilikuwa inaipeleka shule."

Kiisha akaweka mukono yake chini ya goti yangu. Nilijua hiyo mukono iko inapima. Mutafsiri akashusha sauti.

"Bibi, anasema njia salama zaidi ni kukata hapa."

Mi nimeuza viazi ku soko ya Uvira. Bei ya kwanza siyo bei.

"Muambie hapana. Hii muguu ilishuka toka Haut Plateau na mutoto ku mugongo. Ilivuka muto Ruzizi. Ilisimama mu mustari ya kambi miaka yenye sitaki kuhesabu. Haikupanda ndege kuja kutupwa mu ndoo. Namupatia kidole."

"Bibi, daktari hafanyi bi…"

"Kidole moja! Ile ya mwisho, yenye Bihogo alianza. Na nyama yenye imekufa, achukue yote, namuongezea. Zaidi ya hapo tutagombana."

Balizungumuza mu Kingereza muda mrefu. Kiisha mutafsiri akanielezea. Kuko dawa moja ya zamani, balikuwa balishaiweka kando juu inapiga figo. Itapita mu mushipa, kila siku, mpaka baridi iishe. Munganga anakubali kujaribu. Lakini baridi ikiisha na mikrobe bado iko mu mufupa, muguu inaenda, na hapo hakuna soko tena.

"Sawa," nikasema. "Twende."

Kidole ikaenda. Espe akaendesha gari toka Buffalo kuja kunichukua, akanilaza ku kiti ya nyuma sawa mufuko ya mihogo. Anakaa Black Rock, karibu na muto, mu nyumba ya zamani ya mbao yenye imeinama. Ukiangusha chungwa mu salon, unaenda kuiokota mu jikoni. Teluji ya Buffalo, nayo, siyo ya kuelezea batu bazima. Bwana ya Espe alitoka asubuhi moja, akachimba gari, akaisafisha yote mpaka matairi, akatafuta funguo, kumbe ni gari ya jirani.

Balinitia kamupira ka kupitishia dawa mu mukono, na nesi alikuwa anakuja kila siku na serumu ya kutundika. Ile dawa ni ya zamani na iko na hasira ya zamani. Midomo ilikufa ganzi: mi nakunywa chai, kifua njo inashiba. Kitenge yangu yenye ilikuwa inanizunguka mara moja na kuomba ruhusa, sasa inanizunguka mara mbili. Mukojo banapima sawa dhahabu ya Kamituga. Figo zikilalamika, serumu inasimama, na muguu inaanza kupiga kelele. Serumu ikirudi, muguu inanyamaza, na figo zinapiga kelele. Nilikuwa sawa mwanamuke wa kwanza na wa pili banakaa mu nyumba moja, na mi njo nyumba.

Espe aliogopa. Kila wakati natoka mu choo, yeye anaingia na javel ya kusafishia, mpaka mikono yake ikapasuka. Sahani yangu, kikombe yangu, taulo yangu, yote ya peke yangu. Siku moja mujukuu yangu Gresi alitaka kupanda ku kitanda yangu, Espe akapaza sauti, mutoto akaruka.

"Espe! Mi ni mama yako, siyo takataka ya hopitali."

"Mama, na nikikupoteza wewe, kiisha na mutoto, nitafanya je? Uniambie, nitafanya je?"

Tukalia bote batatu, Gresi analia mu Kingereza.

Ni nesi njo alituokoa. Alikuta macho yetu yamevimba, akauliza, akasikia, akamushika Espe ile mikono ya kupasuka. Akasema sabuni na maji inatosha, kidonda ifunikwe vizuri, mutoto anaweza kumushika bibi yake, kiisha anawe. Ile siku Gresi alikuja na kachupa ka rangi nyekundu, akanipaka makucha ya ule muguu mubaya, moja moja, ulimi yake iko inje sawa fundi wa saa. Nne. Nikamuuliza, "Na ya tano?" Akanijibu mu Kingereza kwamba ya tano iko likizo.

Ku kliniki nako nilipata rafiki. Muzungu moja muzee, naye ana kamupira mu mukono. Yeye hajui Kiswahili, mi Kingereza yangu inafika paka ku mulango. Tulikuwa tunaonyeshana miguu. Yake ikiwa mbaya kuliko yangu, namupa peremende. Yangu ikiwa mbaya, ananipa yeye. Usizarau hii. Kuko siku ile peremende ilinisaidia kuliko maombi ya kanisa nzima, na Pasta asinisikie.

Baridi ilipokaribia kuisha, figo zikakatala kabisa. Serumu ikasimama, siku zinapita, haijarudi. Nilianza kuiangalia muguu sawa mutu mwenye tutaachana ku stesheni. Ile habari ilifika Columbus mbele mi mwenyewe niisikie vizuri. Siku ya Mungu, mchana, Papa Gideo akaingia na bibi yake, Mama Gideo. Balibeba bidon ya maziwa ya Bihogo, na sashe.

Ufahamu kwanza: kwetu mugonjwa banamuletea maziwa. Kukatala maziwa ni kukatala mutu. Na maziwa habaiweke ku moto, juu ukiichemsha unachoma matiti ya ng'ombe mwenyewe, ata kama iko mbali. Hivyo njo tulikulia.

"Mama Espe," Papa Gideo akasema, hajavua ata koti, "nimesikia ya kutosha. Ile maji banakutia mu mushipa inakuua. Bamesimamisha, sawa, isirudi tena. Hizi ni za nguvu, zimetoka Bujumbura. Unakula mbili mbili, unakunywa maziwa, tunaomba Mungu."

"Na zenye zitabaki?"

"Unarudisha mu sashe. Hii ni swali gani?"

"Dokta, toka uzaliwe, ulishamaliza dawa yako ata siku moja?"

"Mi siko muchoyo."

"Basi mi niko. Muchoyo wa kwanza wa familia. Nitamaliza dawa yangu yote, mpaka ya mwisho, na sitakuachia ata harufu."

Mama Gideo akaweka mukono ku kinywa. "Yesu! Unamujibu mukubwa hivyo?"

"Mukubwa wa hii nyumba leo ni huyu." Nikainua muguu, na bandaje zake zote, nikaiweka juu ya meza, kati ya vikombe vyabo vya chai. "Anataka kuishi. Nani atazungumuza mbele yake?"

Nikakamata ile bidon, nikaenda ku jikoni na fimbo yangu, na mu ile nyumba kwenda jikoni ni kutelemuka. Nikamwaga maziwa yote mu sufuria. Nikawasha moto.

Papa Gideo akanifuata. "Unafanya nini?"

"Nachemsha."

"Mama Espe, Bihogo ataumia."

"Shemeji, Bihogo alinikanyaga. Tutakuwa sawa."

Espe akacheka mpaka akakaa chini. Mi sikucheka. Nilikuwa nasikia sawa mama yangu na bibi yangu bote banasimama nyuma yangu. Maziwa ikapanda, ikamwagika, ikaungua, harufu ikajaa nyumba nzima. Nilimimina vikombe, nikakunywa yangu. Ya Papa Gideo nikaiweka mbele yake. Hakuigusa. Mama Gideo alimuangalia bwana yake, akaangalia muguu yangu, akakamata kikombe yake, akakunywa mpaka chini, akapanguza kinywa.

Pale Espe akasimama, akakamata sashe, akakimbia nayo ku choo.

"Hapana mu choo!" nikapiga kelele. "Muto iko hapo chini! Unataka mikrobe ya muto nayo ipate diplome?"

Akarudi nayo. Kesho yake akaipeleka ku farmasi, kuko sanduku yenye banarudishia dawa. Papa Gideo na bibi yake balikuwa balishaenda, habakukula, habakuaga. Telefone za familia zikanyamaza. Habakuambiaka hii ku hopitali: unaweza kupona na kupoteza batu kwa njia. Mi niliumia. Lakini nilikuwa naumia niko nasimama juu ya miguu mbili.

Figo zilinisamehe pole pole. Serumu ikarudi, kidogo, kiisha yote. Teluji ya Black Rock ikawa nyeusi, ikawa maji, ikaenda mu muto. Balinipiga picha ya mufupa, balitoa damu, balipanguza kidonda na kapamba kabo. Kiisha tukangojea. Kungojea ile majibu ilikuwa ndefu kuliko njia ya Haut Plateau mpaka Uvira, na kule tulikuwa tunapigwa risasi.

Siku baliniita ku kliniki, munganga wa Buffalo akafungua ordinatere yake, ile kompyuta. Yeye anasoma ordinatere, mi nasoma uso yake, juu uso njo nilisomea. Nilijua mbele ya mutafsiri.

"Bibi, mfupa ni safi. Mguu unabaki."

"Muambie amupigie mwenzake wa Louisville. Amuambie soko ilifungwa na bei ni ile ile."

Munganga akaongeza ingine, na sitakuficha. Mikrobe imetoka mu mufupa, lakini inaweza kuwa bado inalala mu tumbo yangu. Kila hopitali naingia, niseme. Dawa ya mutu mwingine, nisiguse tena. Nikasema sawa, ilale. Lakini isifikiri na mi nalala.

Donc wewe mwenye uko kati ya zile kanzu za manjano, sikuambie ukatale kisu. Najua mutu alikatwa muguu, na leo anacheza ku harusi kunizidi. Nakuambia uulize, na uulize tena, mpaka ujue unatoa nini na unabakisha nini. Ukiletewa maziwa, chemsha. Ukipewa dawa, ni yako, imalize vile munganga alisema. Bakikuita muchoyo, itika.

Balitoa kamupira mu mukono yangu ile ile siku. Espe alikuwa amebeba kiatu yangu ya kuume mu sakoshi yake. Toka majani yalianguka Louisville, hiyo muguu haikuvaa kiatu. Nikaingiza. Ikaingia bila kugombana, ikabaki na fasi: muguu ilikonda, kidole moja haiko, kiatu imekuwa mukubwa sawa mutumbwi. Nikasimama, nikaanza kupita mu ile korido. Kila hatua kiatu inapiga chini: pa! pa! pa! Mu chumba ya kungojea batu bote bakainua vichwa.

"Mama," Espe akasema mu sikio yangu, "tupite ku duka, tukununulie yenye inakutosha."

"Wacha," nikamuambia. "Ipige kelele. Basikie niko napita."